Namna ya Kuifuatilia Familia ya Kijerumani ya Pennsylvania Hadi Kijiji Ilikotoka

Kosa linaloharibu nasaba nyingi za Wajerumani wa Marekani ya ukoloni hufanyika mapema sana. Mtu anajua babu wa ukoo wake aliitwa Johannes Müller na kwamba mwaka 1760 alikuwa akilima Lancaster, kaunti ya Pennsylvania. Anafungua orodha za meli, anamkuta Johannes Müller aliyeshuka Philadelphia. Anafungua vitabu vya kanisa vya Ujerumani, anamkuta Johannes Müller aliyebatizwa miaka ishirini na kitu kabla ya meli ile. Anaandika, anafunga kitabu. Kumbe ameunganisha watu watatu wasiojuana, na kila kizazi alichokipanda juu ya hapo ni cha watu wengine.

Kanuni ya kazi hii ni moja: jina la kijiji litafutwe Marekani kwanza. Ujerumani ya karne ya 18 haikuwa nchi moja. Ilikuwa mamia ya falme ndogo, miji huru na milki za maaskofu, na kumbukumbu za watu zilikaa kwa mchungaji wa kila parokia. Huwezi kuomba "kumbukumbu za Ujerumani". Unaomba kitabu cha ubatizo cha kijiji fulani, cha dhehebu fulani, cha miaka fulani.

Rudi hadi 1790 bila kuruka kizazi

Sehemu hii haina ujanja. Anza na vyeti vya walio karibu, rudi nyuma kizazi kwa kizazi, na kila kiungo kati ya mzazi na mtoto kiwe na hati yake. Sensa ya kwanza ya Marekani ni ya 1790, nayo humtaja mkuu wa kaya tu. Wengine ni tarakimu: wanaume weupe wa miaka 16 na zaidi, wavulana wa chini ya hapo, wanawake weupe wote kwa mkupuo, watu wengine huru, na watumwa. Kabla ya hapo utategemea orodha za kodi, ambazo kwa Pennsylvania zinapatikana kwa wingi kuanzia miaka ya 1750. Angalia kundi la vijana wasiooa, kwa sababu walitozwa kodi peke yao: mwaka jina linapohama kutoka kundi hilo kwenda la wenye kaya, tafuta ndoa hapo hapo.

Jambo linalowapoteza wengi ni mipaka ya kaunti. Lancaster ilikatwa kutoka Chester mwaka 1729, York ikakatwa kutoka Lancaster mwaka 1749, na Berks na Northampton zikaundwa mwaka 1752. Dauphin ilikuja 1785, Lebanon 1813. Mtu anaweza kukaa shamba lile lile maisha yake yote na bado hati zake zikawa katika kaunti tatu. Kwa hiyo kabla hujasema "hakuna kumbukumbu", jiulize shamba lilikuwa kaunti gani mwaka ule, si leo.

Majina: jifunze kabla ya kutafuta

Wavulana wengi walibatizwa kwa majina mawili, na la kwanza, mara nyingi Johann, halikutumika nyumbani. Johann Georg aliitwa Georg, Johann Peter aliitwa Peter. Nyumba moja inaweza kuwa na akina Johann wanne bila mgongano wowote. Lakini Johannes ni jina kamili linalojitegemea. Ukimkuta Johannes katika hati moja na Johann Georg katika nyingine, wachukulie kuwa watu wawili mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa wasichana ni vivyo hivyo kwa Anna na Maria. Na mtoto akifa, jina lake lilipewa anayefuata. Ukiona ubatizo, tafuta kwanza kama mtoto huyo hakuzikwa baada ya miezi michache.

Majina ya kufupisha nayo yana mitego: Stoffel ni Christoph, Velten ni Valentin, Nickel ni Nicolaus, Bastian ni Sebastian, Dewald ni Theobald. Jina la ukoo la mwanamke liliongezwa -in mwishoni, hivyo Catharina Weberin ni wa ukoo wa Weber.

Kuhusu majina ya ukoo, kumbuka kwamba karani wa Kiingereza aliandika alichosikia, na masikio yake hayakutofautisha vizuri B na P, D na T, G na K, kwa jinsi Wajerumani wa kusini walivyotamka. Huber akawa Hoover, Eisenhauer akawa Eisenhower, Jäger akawa Yeager. Wengine walitafsiri kabisa: Zimmermann akawa Carpenter, Schwartz akawa Black, Koch akawa Cook, Klein akawa Little au akabaki Cline. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuingia karne ya 19 na majina mawili tofauti. Andika orodha ya namna zote zinazowezekana kabla hujagusa faharasa yoyote, na anza kila namna kwa herufi ya kwanza tofauti, maana kosa la herufi ya kwanza ndilo linalomficha mtu kabisa.

Kanisa lipi?

Swali hili linaamua utafute wapi, na ukilikosea utachoma miezi. Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wa mapokeo ya Calvin) ndio walikuwa wengi, na mara nyingi walijenga kanisa moja wakatumia kwa zamu. Vitabu vyao wakati mwingine vilikaa pamoja, wakati mwingine mbalimbali, na wachumba wa madhehebu haya mawili walioana bila tabu. Basi soma vyote viwili.

Tatizo kubwa ni kwamba wachungaji walikuwa wachache mno. Henry Melchior Muhlenberg, aliyeweka Ulutheri wa Pennsylvania kwenye mstari, alifika 1742. Michael Schlatter wa Reformed alifika 1746. Kabla yao watoto walibatizwa na wachungaji wa kutembea, na kumbukumbu ziliandikwa katika daftari la mchungaji mwenyewe. Daftari mashuhuri zaidi ni la John Casper Stoever, lenye ubatizo na ndoa za kuanzia 1730 hadi 1779. Kama kanisa la karibu na shamba halina kitabu cha miaka ya 1730, uliza ni mchungaji gani alipita huko, kisha tafuta daftari lake.

Ukipata ubatizo, usiishie kwa wazazi. Nakili wasimamizi wa ubatizo, neno lake huandikwa *Pathen*, *Taufzeugen* au kwa Kilatini *testes*. Mtoto mara nyingi alipewa jina la msimamizi wake, na msimamizi alikuwa shangazi, mjomba au jirani wa kutoka kijiji kile kile. Familia yenye watoto wanane itakupa majina zaidi ya kumi ya watu wa karibu, na miongoni mwao huenda yumo ambaye asili yake tayari inajulikana. Hapo ndipo nasaba nyingi hufunguka, wala si kwenye orodha ya meli.

Kama familia ilikuwa ya Wamennonite, Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, hakuna ubatizo wa watoto wachanga, hivyo usiutafute. Utegemee ardhi, wasia na makaburi. Wamoravian, dhehebu jingine la Kiprotestanti, wa mji wa Bethlehem huko Pennsylvania, kinyume chake, ni neema: wanachama wengi waliacha simulizi ya maisha yao, iliyosomwa mazikoni, inayotaja mahali pa kuzaliwa, wazazi na safari. Hifadhi yao iko Bethlehem hadi leo. Waschwenkfelder, dhehebu dogo la Kiprotestanti ambalo kundi lake kubwa lilifika 1734, wana maktaba Pennsburg. Za Reformed ziko Lancaster, na za Walutheri ziko Philadelphia.

Mwisho, uliza kwa ndugu kama kuna *Taufschein*, cheti cha kuzaliwa na ubatizo kilichopambwa kwa ndege na maua kwa rangi. Kikipatikana, kina majina ya wazazi, ukoo wa mama, mahali, mchungaji na wasimamizi. Baadhi ya wajane wa askari wa Vita vya Mapinduzi walivituma serikalini kuthibitisha madai ya pensheni, ndiyo maana vingine vimo katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani, ndani ya majalada ya pensheni.

Ardhi na mirathi

Ardhi ya Pennsylvania ilipatikana kwa hatua tatu: kibali cha kupimiwa, upimaji wenyewe, halafu hatimiliki. Kuanzia 1732 bei ya kawaida ilikuwa pauni 15 na shilingi 10 kwa ekari 100, juu yake kodi ya nusu peni kwa ekari kila mwaka. Mkulima mgeni hakuwa na fedha hizo, ndiyo maana wengi walikaa miaka kwa kibali tu, au bila hata kibali, na hatimiliki ikachukuliwa na mwana, mkwe au mnunuzi baada ya miongo. Ukitafuta hatimiliki peke yake utaamini mtu alifika 1765 wakati alikuwa hapo tangu 1738.

Rejista za vibali na nakala za upimaji ziko katika hifadhi ya jimbo, Harrisburg, na picha zake zinasomeka mtandaoni bila malipo. Mchoro wa upimaji ni karatasi ndogo, lakini uusome pembeni: kila ubavu wa shamba umeandikwa jina la mwenye shamba la jirani. Chora mashamba hayo kwenye karatasi moja. Majirani watano au sita waliozunguka shamba la babu yako, ukiwalinganisha na wasimamizi wa ubatizo, ndio kundi utakalosafiri nalo kurudi Ujerumani.

Kwenye mirathi, usiridhike na wasia. Aliyekufa bila wasia huku ameacha watoto wadogo ndiye mwenye kumbukumbu nzuri zaidi, kwa sababu kesi yake ilikwenda Mahakama ya Yatima, iliyosimamia mirathi na walezi wa watoto. Mtoto aliyefika miaka 14 alijichagulia mlezi. Wa chini ya hapo aliwekewa. Mstari mmoja wa mahakama unaosema fulani "amechagua" mlezi unakupa umri wake kwa makadirio mazuri. Kwa sheria ya Pennsylvania hadi 1794, pasipo wasia mwana mkubwa alipata mafungu mawili, hivyo mgawanyo wenyewe unakuonyesha mkubwa ni nani. Wakwe wa kiume hutajwa pamoja na wake zao, na mjane aliyeolewa tena hutajwa kwa jina la mume mpya. Hapo ndipo mama "aliyepotea" huonekana.

Hati za mauziano nazo zipitie. Ndugu wanaouza fungu lao la shamba la baba, kila mmoja na mkewe, wamekuandikia familia nzima kwenye ukurasa mmoja.

Orodha za meli, na jinsi ya kuzisoma

Kuanzia Septemba 1727, Philadelphia iliwataka wanaume wageni wa miaka 16 na zaidi waape utii kwa mfalme wa Uingereza. Meli ya kwanza kwenye orodha ni William and Sarah, tarehe 18 Septemba 1727, na orodha zinakwenda hadi 1775. Zilichapishwa mwaka 1934 katika juzuu tatu na Strassburger na Hinke, na hilo ndilo toleo la kutumia.

Kwa kila meli kunaweza kuwa na orodha tatu. A ni ya nahodha: imeandikwa kwa masikio ya Kiingereza, majina yamepondeka, lakini wakati mwingine ina umri, wanawake na watoto. Nyingi zimepotea. B ni ya kiapo cha utii na C ni ya kiapo cha kukana madai ya wapinzani wa kiti cha mfalme. Hizi mbili zilitiwa saini na abiria wenyewe. Asiyejua kuandika aliandikiwa na karani, akaweka alama yake. Kwa hiyo tahajia ya B na C, pale mtu aliposaini mwenyewe, ndiyo iliyo karibu zaidi na jina la kijijini kwao.

Sasa kazi yenyewe. Juzuu ya pili ina picha za saini. Tafuta saini ya mtu wako mahali pengine: wasia halisi (si nakala ya kitabu cha mahakama, ambayo mwandiko wake ni wa karani), hesabu za mirathi aliyosimamia, dhamana ya jirani. Ziweke kando kwa kando. Usiangalie uzuri, angalia namna herufi kubwa ya kwanza inavyoanzia, kama *sch* imeunganishwa kwa mkono mmoja, na kama ametia nukta za *ü* au ameziacha. Kati ya saini ya meli na wasia kunaweza kupita miaka 40, mkono umezeeka na unatetemeka, lakini njia ya kalamu hubaki. Na kama kwenye meli mtu alisaini vizuri lakini kwenye wasia kuna alama ya X, usimkatae mara moja, maana mgonjwa wa kitandani huweka X. Ikiwa ni kinyume, kwenye meli X na baadaye saini safi, basi huyo karibu kwa hakika ni mtu mwingine.

Kasoro nyingine za orodha hizi: wagonjwa waliobaki melini hawakusaini. Kijana wa miaka 15 hayumo. Mwanamke aliyesafiri peke yake hayumo katika B wala C. Na aliyefikia bandari nyingine, kama Baltimore au Charleston, hayumo kabisa. Kutokuwepo kwenye orodha si ushahidi kwamba hakuja.

Jina likipatikana, soma jirani zake kwenye ukurasa: watu walisaini wakiwa wamesimama na wenzao. Ukiwaona hapo wasimamizi wa ubatizo na majirani wa mashamba, umempata wako. Usipoona hata mmoja, endelea na meli inayofuata.

Waliokuja kabla, na walioitwa "Wapalatino"

Kabla ya 1727 hakuna orodha za namna hii Philadelphia. Germantown ilianzishwa 1683 na familia 13 kutoka Krefeld, na kumbukumbu zao zimechunguzwa sana. Kundi kubwa ni la 1709, ambapo maelfu walifurika London. Orodha zilizoandikwa huko zina kazi ya kila mkuu wa familia, dhehebu na umri wa watoto. Mwaka 1710 karibu watu 3,000 walipelekwa New York kutengeneza lami ya meli kando ya mto Hudson. Gavana Robert Hunter aliwalisha kwa mkopo, na vitabu vyake vya posho vya 1710 hadi 1712 vinataja mkuu wa kaya na idadi ya watu wa zaidi na chini ya miaka 10. Ukiona idadi inapungua kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, kuna aliyekufa, aliyehama au aliyeolewa. Mradi wa lami uliposhindikana wengi walihamia bonde la Schoharie, huko huko New York, na kuanzia 1723 baadhi wakashuka Tulpehocken, Pennsylvania.

Waingereza waliwaita wote Wapalatino, yaani watu wa jimbo la Pfalz. Usilichukue kama ushahidi. Conrad Weiser, mkalimani mashuhuri kati ya Pennsylvania na Wairoquois (muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika), alikuja na kundi hilo, na alizaliwa 1696 Affstätt, Württemberg. Isitoshe, ukoo wake ulikuwa wa Großaspach, kijiji kingine kabisa. Anayetafuta ukoo wa Weiser katika Pfalz kwa sababu ya neno "Mpalatino" hatampata.

Vyanzo vinavyotaja kijiji

Gazeti la Christopher Sauer, lililochapishwa Germantown kwa Kijerumani tangu 1739, limejaa matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao, na humo hutajwa kijiji cha nyumbani na mwaka wa kuja. Lipo pia gazeti la Heinrich Miller la Philadelphia tangu 1762. Wengi waliosafiri kwa mkopo wa nauli walitumikia miaka kadhaa kwa aliyewalipia, na waliotoroka walitangazwa humo. Mikataba ya utumishi ya Philadelphia ya 1771 hadi 1773 imechapishwa.

Kumbukumbu za uraia chini ya sheria ya Uingereza ya 1740 zilihitaji miaka saba ya kuishi kwenye koloni na, kwa wengi, kushiriki Meza ya Bwana; kijiji cha Ulaya hazikitaji, lakini zinakupa kitongoji na dhehebu. Mawe ya makaburi na vitabu vya mazishi ni bora zaidi: tafuta *gebürtig aus* (mzaliwa wa) au *gebohren in* (amezaliwa), kisha jina la mahali.

Sasa vuka bahari

Jina la kijiji likiwa mkononi, liingize kwenye kamusi ya mahali ya Meyers, inayopatikana mtandaoni bure, uone parokia yake na majina yanayofanana nalo. Vijiji viitwavyo Steinbach viko vingi. Linganisha na vijiji vya wale majirani, na chukua kilicho ndani ya kilomita 15 au 20 kutoka kwao. Kisha tafuta vitabu kwenye tovuti hizi: Archion kwa makanisa ya Kiprotestanti, kwa malipo, Matricula kwa Wakatoliki, bure, FamilySearch, bure, ingawa picha nyingine hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao. Uliza pia kama kijiji kina *Ortssippenbuch*, kitabu cha koo zote za kijiji, ila kitumie kukuongoza tu na ukahakikishe katika kitabu cha kanisa. Pfalz ilichomwa na majeshi ya Wafaransa kuanzia 1689, na vitabu vingi vya kabla ya hapo havipo.

Mwandiko ni Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani. Herufi *e* inafanana na *n* nyembamba, *u* hutofautishwa na *n* kwa kikonyo juu yake, na *s* ndefu huchanganywa na *f* na *h*. Anza na kurasa unazojua kilichoandikwa, mfano orodha ya majina ya miezi, ujijengee alfabeti ya mchungaji yule yule. Anayeumudu mwandiko huu anaweza pia kusoma majalada ya enzi ya Wajerumani yaliyoko katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, kwa hiyo jasho haliendi bure.

Tarehe nazo zina mtego. Majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalihamia kalenda mpya (ya Gregori) mwaka 1700, Uingereza na makoloni yake Septemba 1752. Kati ya hapo Philadelphia ilikuwa nyuma kwa siku 11: tarehe 18 Septemba 1727 ya meli ile ilikuwa 29 Septemba kijijini. Mwaka wa Kiingereza nao ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1731 ya karani wa Philadelphia ni Februari 1732 kwetu.

Ukimpata mtoto aliyebatizwa kwa jina na mwaka sahihi, kazi ndiyo kwanza inaanza. Pitia vitabu vya kijiji hicho kwa miaka 60 mbele. Je, aliolewa au kuoa hapo baada ya mwaka wa meli? Alibatizisha watoto hapo? Alizikwa hapo? Wazazi, mke na watoto waliozaliwa kabla ya safari wanalingana na wale wa Pennsylvania? Mchungaji mara nyingine huandika pembeni ya jina kwamba mtu amekwenda *Pensylvanien*. Kama hakuandika, tafuta vibali vya kuhama: katika majimbo mengi mtu alikuwa chini ya bwana wa ardhi, alilipa ili aachiliwe, na kwa kawaida alitozwa pia sehemu ya mali aliyotoka nayo. Hati hizo ziko Speyer kwa Pfalz, Karlsruhe kwa Baden, Stuttgart kwa Württemberg. Waliotoroka bila kulipa hawamo, lakini wakati mwingine mali yao iliyotaifishwa imo, na jina lao juu yake.

Vipimo vya DNA vya kawaida hufifia baada ya vizazi vitano au sita, na hapa tunazungumzia vinane hadi kumi. Cha kromosomu Y, kinachopita kwa wanaume peke yao, ndicho chenye faida: mwanamume wa ukoo wa Marekani na mwanamume wa ukoo uliobaki kijijini wakipimwa wote wawili, matokeo yanaweza kuvunja dai kabisa au kuliimarisha. Na ikitokea kitabu cha mazishi kikaonyesha Johannes wako amezikwa kijijini mwaka 1751 huku yule wa Lancaster akilipa kodi 1760, mfute, rudi kwenye ile karatasi ya mashamba, na uanze na jirani ambaye hujamfuatilia.